Miguu ya Mama Mkwe

...kwa sababu rangi ya maziwa inaonyesha uchafu haraka, anasema Mudathiri, lakini hii ya samawati inatuliza, mzee akilala ndani yake anapata usingizi, na maneno haya kayatoa wapi, mtu anauza simenti na misumari miaka yote leo amekuwa daktari wa usingizi, lakini sikukuu ndivyo ilivyo, wiki hii kila mwenye duka hapa Kasulu mjini ana ulimi wa asali, na ile spika hapo nje haijanyamaza tangu tuingie, ofa ya sikukuu, ofa ya sikukuu, ukinunua ndoo kubwa ya rangi unapewa brashi na rola bure, mwisho leo, mwisho leo, na wiki iliyopita ilikuwa mwisho leo vilevile, nilipita na kapu langu la nyanya nikaisikia kwa masikio yangu, na mimi hapa nimeshika kadi ya rangi, kidole kiko juu ya ile ya maziwa na hakisogei, kana kwamba shida yangu ni rangi... "Dada Apoline, tukupimie ipi?" anauliza Mudathiri, na mume wangu anamjibu kabla sijafungua mdomo, "Mpe nafasi bwana, chumba cha mama yake hicho, achague mwenyewe," anasema kwa sauti ya kujivuna hadi wateja wawili wanageuka, Khatibu wangu huyu, mtu wa Pangani, muuza kanga, Mwislamu anayeipenda Krismasi kuliko paroko, tangu Desemba ianze hatulali na shughuli, kila jioni akifunga duka ananipitia twende tukatembee kwenye lami, tule mishikaki, tuangalie taa za rangirangi walizotundika kwenye maduka, tuulize bei za vitu ambavyo hatuna mpango wa kuvinunua, Jumamosi tunashinda mitumba tukichambua mashuka, Jumapili tunapanda gari kwenda Kibondo kwa dada yake Tunu, yule aliyemchukua binti yetu Firdausi kwa likizo, tunakula samaki, tunapigwa picha mbele ya maua ya plastiki, tunarudi tumechoka na tumefurahi, na mimi nimeupenda mji huu kwa miguu yake Khatibu, sikuwa naupenda, niliuogopa, nilikuwa msichana wa Titye anayeuvuka mji haraka haraka kama anavuka mto... na keshokutwa mama anatoka huko huko Titye, anakuja kulala kwetu, mara ya kwanza tangu niolewe, miaka sita, na chumba kiko tayari isipokuwa rangi, na hakiko tayari hata kidogo.

Maana hakina mlango wake. Kina mlango, ndiyo, mlango mzuri wenye kitasa kipya, lakini unafungukia kwenye korido yetu, ukutani pembeni ya chumba tunacholala sisi, na kwetu sisi Waha mama mkwe hapiti kwenda kulala katika mlango anaopita mkwe wake, hapiti tu, hakuna anayeeleza kwa nini, ni heshima, anastahi, hata kumwangalia usoni hamwangalii, anageuka pembeni, anajifunika kanga, na mtu wa Pangani angejuaje, kwao ukimheshimu mama wa mke wako unamweka chumba cha ndani kabisa, karibu nawe, usikie akikohoa, kwetu unampa nafasi apumue, na Khatibu akavunja ukuta wa stoo kwa furaha yote, akamwekea mama yangu kitanda mlango kwa mlango na chetu, akaniita nione, akasema, "Akiita usiku tutamsikia, mama wa watu na miguu yake ile," na mimi nikasema pazuri, pazuri sana, ningesema nini, miguu yenyewe niliitunga mimi... ndiyo, niliitunga, ilikuwa Firdausi ana siku tatu, mama akaja na unga na kuku, akamwogesha mtoto uani, akala uani, giza linakaribia akaondoka kwenda kulala kwa Claudine jirani yetu, na Khatibu akasimama na taa mkononi akauliza, "Mbona mama anaikimbia nyumba yangu?" na nilikuwa nimechoka, nilikuwa na maziwa yanauma, na zaidi ya hapo, nikasema miguu inamuuma, ngazi zetu zinamshinda, basi, neno dogo la kumaliza maongezi, nikalala.

Kumbe yeye hakulala nalo. Wiki ile ile ngazi zikavunjwa, kikawekwa kijimteremko cha simenti, halafu akasikia kuna marumaru zisizoteleza, mabaki ya mabaki, bei ya kutupa, akazibeba kwa baiskeli mara nne, rangi tatu tofauti kwa sababu ni mabaki, sakafu yetu inafanana na shuka la viraka na ninaipenda kuliko sakafu zote za Kasulu, halafu choo cha kukaa, chenye ufa kidogo nyuma usioonekana, halafu bomba la chuma ukutani la kushikilia, mwaka hadi mwaka, kila sikukuu yenye ofa nyumba yetu inaongezewa kitu kwa ajili ya miguu ya mwanamke anayepanda kilima cha Titye na debe la mihogo kichwani akiimba, na dawa ya kuchua, Mungu nisamehe, kila mwezi chupa moja, naipeleka mwenyewe, mama anachua nayo mbuzi... na Pasaka Firdausi aliporudi kutoka Titye akamwambia baba yake, "Bibi anaruka mtaro! Na kapu!" nikasema leo yamekwisha, na Khatibu akainua mikono yake yote miwili, akasema, "Alhamdulillahi, dawa imefanya kazi," akaongeza chupa, zikawa mbili. Hata yeye akienda Titye haoni kitu, mama haji sebuleni, anabaki jikoni, chakula kinatoka, salamu zinapita mlangoni, Khatibu anaona pindo la kanga tu na kisigino, anakula, anasifia, anarudi kwenye pikipiki yetu, na mara moja tu, tulipofika njia panda, akasema bila kugeuka, "Mama yako hajawahi kuniangalia usoni, mke wangu. Miaka yote hii. Nadhani ni dini," na mimi nyuma yake nikamshika kiuno kwa nguvu nikasema hapana, ni miguu, ni miguu, na tangu lini mtu anaangalia kwa miguu.

"...hiyo mulango munaona kasoro gani, baba, iko bien kabisa," hiyo ni sauti ya fundi Sylvestre huko barazani, Mkongomani wa kambi ya Nyarugusu anayeleta kazi zake za mbao hapa kwa Mudathiri, anaongea na mteja anayeuzungukazunguka mlango uliosimamishwa ukutani, "ni vipimo tu, ule muntu alinipa vipimo vya uongo, ikatoka fupi, njo maana nauza bei ya fête, ya sikukuu," na mteja anacheka, mlango mfupi utamwingiza nani, anaondoka, na Khatibu hapa pembeni yangu ameanza biashara yake na Mudathiri, nusu nawasikia nusu siwasikii, anataka brashi mbili badala ya moja, anataka na ile karatasi ya kutandika sakafuni rangi isidondokee marumaru zake, "Mimi mteja wako wa siku zote, Mudathiri, au nihamie kwa jirani?" na Mudathiri, "Wallahi hapo sipati kitu," na wote wawili wanajua anapata, wanafurahi kama watoto, na Khatibu ananikonyeza, mume wangu ana jicho moja dogo kuliko lingine akikonyeza, nampenda, basi, nampenda mpaka nakosa pa kujificha, na Alhamisi mama atafika na kapu lake kwa miguu yake mizima kutoka stendi, atapanda kile kijimteremko bila kushika bomba, atauona mlango kwenye korido, atasema maji ya kunywa tu mwanangu, nitalala kwa Claudine, na Khatibu atasimama na taa mkononi tena.

Na mama naye nimemdanganya. Wiki iliyopita aliniambia kwenye simu, "Nitakuja, nilale siku moja nimwone huyo mtoto akirudi, lakini chumba kina mlango wake?" hakuuliza kitanda, hakuuliza chakula, nikasema upo mama, na akacheka kwa furaha, akasema, "Ego, ndiyo, nilijua, umukwe wanje ni mtu anayestahi," mkwe wangu, hivyo ndivyo anavyomwita kwa wanawake wenzake, kila Jumapili kanga za Khatibu anazivaa kanisani mpya mpya, akiulizwa umepata wapi anasema umukwe wanje, hamumjui, hajawahi kunisogelea hata siku moja, na wanawake wanatikisa vichwa kwa wivu, na hilo sijawahi kumfikishia Khatibu, hata neno moja, ingekuwa kazi gani kulibeba, naibeba mihogo, nabeba kuku, naleta maharage gunia zima, neno hilo naliacha Titye... kwa nini, Apoline, sema ukweli hapa hapa kwenye simenti na misumari, kwa nini.

Si uchovu. Uchovu ni siku moja. Jumapili iliyopita Kibondo, tumekaa uani kwa Tunu, samaki kwenye sinia, Firdausi amejipaka mafuta ya samaki hadi masikioni, Tunu akasimulia jirani yake, mama mtu mzima, alivyomwona mkwewe anakuja njiani akajitumbukiza migombani na ndoo ya maji kichwani, maji yote yakamwagika, "Waha bwana! Mkwe wako si mtoto wako? Unamkimbia kama chui!" na watu wakacheka, na mimi nikacheka, mimi nilicheka kuwashinda wote, nikapiga na mapaja, nikasema, "Hao ni wa zamani hao," na Khatibu alikuwa anacheka pia, cheko la mtu asiyejua kwamba hadithi ni yake, na yule mama wa migombani na ndoo yake alikuwa mama yangu, si yeye lakini ni yeye, aliyelowa maji kwa kumheshimu mtu, na mimi nimekaa na samaki mkononi namcheka... niliona aibu, ndiyo hiyo basi, imetoka, niliona aibu watu wa pwani wasije wakasema huyu kaolewa na ushamba wake, nikaona bora mama yangu awe kilema kuliko awe Muha, miaka sita nimemlemaza mama yangu, na mume wangu anajenga nyumba nzima kuzunguka aibu yangu, kigae kwa kigae, akidhani anachukiwa, na hajaacha kujenga.

Machozi hapana, si dukani, Mudathiri atadhani bei imenishinda... vuta pumzi. Dirisha. Chumba kile kina dirisha upande wa uani, kubwa, chini yake hakuna kitu, matofali tu ya kuchoma, Khatibu ukuta mmoja anauvunja kabla chai haijapoa, leo Jumanne, leo kuvunja, kesho fremu na bawaba, plasta itakauka au isikauke, mama hajali plasta, na ule mlango wa korido unapigwa kufuli, kabati linasogezwa mbele yake, na Alhamisi mama anaingilia uani, chini ya kamba ya nguo, kwa mlango wake, anajifungia kwa ufunguo wake, na asubuhi Khatibu akipita uani atasikia salamu kutoka ndani, "Mwakeye," bila uso, na atajua, nikimwambia leo atajua, kwamba salamu isiyo na uso ndiyo kubwa kuliko zote alizowahi kupewa, na tazama, barazani pale mlango wa Sylvestre bado umesimama, mbao ya mninga, kazi safi, mfupi, watu wazima wanauogopa, na mama yangu mfupi, hata debe la mihogo kichwani halimfikishi juu, na bei ya sikukuu, mwisho leo, mwisho leo, safari hii spika inasema kweli.

Lakini mlango hautoshi, siwezi kumwambia nunua mlango bila kumwambia kwa nini, atautafutia sababu kwenye miguu, ataniwekea na kiti cha magurudumu... "Dada, rangi," anasema Mudathiri, amekwisha shindwa, brashi mbili ziko mezani, karatasi ya sakafuni iko juu yake, na Khatibu ananiangalia anangoja, ana chokaa kwenye nyusi tangu asubuhi na sijamfuta, na kidole changu bado kiko pale pale kwenye rangi ya maziwa, na moyo unanidunda kama ninaposwa upya, nasema, "Khatibu, mama yangu miguu yake mizima," na sauti imetoka ndogo, spika imeifunika nusu, lakini ameisikia, uso wake wote unafunguka, anainua mikono yote miwili hapo hapo katikati ya duka, "Alhamdulillahi! Mudathiri, umesikia? Mama amepona, si nilikwambia ile dawa?" na Mudathiri anasema mashallah, na mimi cheko linanitoka pamoja na machozi, namshika mkono mume wangu kabla hajaagiza chupa ya tatu, namgeuza taratibu kule barazani uliko mlango, nasema, "Hapana, baba Firdausi, haijawahi kumuuma. Njoo nikwambie kwa nini mama hakuangalii."