Ubeti wa Tatu wa Foleni

Ijumaa baada ya swala, Idrisi alimwachia binti yake Shamima visu na funguo za bucha, akatoka Majengo na gitaa mgongoni, akashuka Embu. Miaka thelathini na minane alikuwa akishuka hivyo hivyo kwenda kupiga muziki. Safari hii alikwenda kumzuia rafiki yake asijiaibishe.

Rafiki mwenyewe ni Muthamia wa Manyatta, ambaye redio zote za mlimani humwita Muthamia wa Vidole. Na vilikuwa vidole kweli, tusidanganyane. Hakuna mwingine aliyezichukua nyimbo za mama zetu za kuchuma kahawa akazitia kwenye gitaa la umeme zikabaki na harufu ya udongo. Nyuzi zake zilicheka, zikalia, zikasengenya. Wapiga gitaa wa Nairobi walikuja na miwani yao myeusi kuutazama mkono wake, wakarudi wakiitazama yao.

Lakini mwezi wa Machi kiharusi kilimpiga upande wa kushoto. Mguu ulirudi. Kidole cha pete na kidole cha mwisho havikurudi.

"Nionyeshe," Idrisi alisema, wakiwa wameketi nje ya jikoni.

Muthamia alipakata gitaa. Mwanzo wa wimbo wake "Foleni", ule ambao hata mtoto wa kule Maua anaujua, ulitoka kama kuku anayekimbia na kamba mguuni.

"Basi kesho usiende," Idrisi alisema. "Kiwanda cha kahawa kinafikisha miaka sitini, watu wote watakuwa wameinua simu. Watakurekodi ukianguka."

"Sheikh, mimi nimealikwa."

"Vimealikwa vidole. Vidole havipo."

"Na wimbo je?"

"Wimbo gani? Gitaa ndiyo nyama, Muthamia. Maneno ni chumvi tu. Nimekuambia tangu tukiwa na nywele."

"Nyama bila chumvi huliwa na mgonjwa wa presha." Muthamia alilaza gitaa magotini. "Umenipigia gitaa la pili miaka yote hii. Hebu nitajie ubeti wa tatu wa 'Foleni'."

Idrisi hakuujua. Akaanza kukaza nyuzi za gitaa lake.

Alikuwa na sababu. Kazi ya gitaa la pili ni kutazama mkono wa gitaa la kwanza, na yeye aliutazama kama mchinjaji anavyotazama kisu chake. Tena maneno yenyewe waliyaimba wiki tano tu.

Wengine mmesahau, mimi sikusahau. Mwaka wa themanini na saba mama mmoja, Virginia, alipanga foleni ya kiwanda hicho hicho tangu alfajiri, gunia la kahawa mgongoni na mimba ya miezi tisa mbele. Jua lilipokuwa utosini uchungu ukamshika. Wanawake walimzungushia leso nyuma ya stoo, akajifungua hapo chini. Aliporudi na mtoto kifuani, karani alimwambia nafasi yake imepita, arudi mwisho. Muthamia alikuwa mtu wa nne nyuma yake. Kufikia Jumapili wimbo ulikuwa tayari, na aliutunga kwa Kiswahili makusudi, ili karani, ambaye hakuwa wa huku, asije akasema hakuelewa.

Polisi wakamfunga siku kumi na moja. Wakamwachilia kwa sharti: gitaa piga, neno tusisikie.

Sasa, katika nyimbo zetu mwimbaji husema mstari mmoja, kisha gitaa hujibu. Muthamia akayabeba yote mawili kwa nyuzi, swali na jibu. Hapo ndipo vidole vilipokuwa vidole. Waliokuwepo walijaza maneno moyoni. Kisha wakazeeka, wengine wakafa, na watoto wao wakarithi gitaa tupu na kuliita sanaa. Maskini huibiwa hivyo: wanakuachia kizuri kimoja mkononi ili usiulize kingine kilikwenda wapi.

Kesho yake mwenyekiti wa kiwanda, Gachoki, aliwapokea langoni huku tumbo likimtangulia.

"Mzee wetu! Leo utupigie ile ya vidole. Maneno yale ya zamani tuyaache, kuna wageni."

"Kwani wageni hawakuzaliwa?" Muthamia aliuliza, akapita.

Jukwaani alianza na vidole viwili. Mruko wa kwanza wa nyuzi ukapita. Wa pili ukakwama, wa tatu ukaanguka kabisa, na vijana wa nyuma wakaangua kicheko, wakimtania babu yao.

"Guka, betri imeisha!"

Idrisi aliijua sehemu ile, angeweza kuipiga yeye. Mkono wake ulianza kupanda shingo ya gitaa. Muthamia alimtazama, akatikisa kichwa. Kisha akaweka kiganja juu ya nyuzi zake, zikanyamaza, akasogelea maikrofoni na kuimba.

*Karani, hesabu tena foleni yako.*

Sauti ilikuwa na kutu, lakini ilisimama wima. Ikaja nafasi ya gitaa kujibu, na hapakuwa na jibu, ila gitaa la Idrisi likikanyaga mdundo pale pale, kavu. Mtu alikohoa.

*Nilitoka mmoja, nimerudi wawili.*

Nafasi ikaja tena. Safari hii, kutoka viti vya akina mama, sauti ya bibi mmoja ikaijaza: *ndiri-ndi, ndindi-ri*. Ilikuwa miruko ile ile ya gitaa, noti kwa noti, kwa mdomo. Idrisi aligeuka. Alikuwa Virginia, mikono juu ya fimbo, macho ameyafumba. Mstari uliofuata wakajibu kumi. Uliofuata wakajibu wote, na vijana wa nyuma nao, kwa sauti kubwa kuliko wote, maana kitu hicho ndicho walichokuwa wamerithi.

Gachoki alimpungia mkono fundi wa spika. Spika zikazimwa. Hakuna aliyegundua ila fundi.

Ndipo ukafika ubeti wa tatu.

*Huyu hakuchelewa, karani. Ndiye mgeni wa leo.*
*Wa kwanza kufika ni yeye. Mpe nafasi, nitasimama nyuma yake.*

Mkono wa Idrisi ulisimama. Miaka thelathini na minane alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwa mtu aliyeandika hayo, akimtazama vidole.

Wakati wa chakula Gachoki alitangaza wageni waheshimiwa wapange foleni kwanza. Virginia aliinuka, akatembea polepole na fimbo yake, akawapita waheshimiwa wote, akasimama mbele kabisa. Mwenye kugawa mukimo alimtazama Gachoki. Gachoki alitazama viatu vyake. Sahani ikajazwa.

"Chumvi ilikuwaje, Sheikh?" Muthamia aliuliza.

Idrisi alikuwa amekwenda kusimama nyuma ya Virginia, midomo ikichezacheza, akiurudia ubeti ule asije akaupoteza tena.