Chupa ya Watoto

Mjukuu wangu Puseletso, anayesomea kazi ya maabara, alichukua jikoni kwangu chupa ya lengana, dawa yetu ya mitishamba, ili akawaonyeshe wenzake darasani kwamba majani yetu machungu huua bakteria. Akarudi amenuna.

"Nkhono, bibi yangu, umeniaibisha! Bakteria wamenawiri kama mbuzi waliovamia shamba la mahindi."

Nikaonja dawa iliyobaki chupani. Nilicheka mpaka kilemba kikanidondoka.

"Mama wee, hii ni ya wadogo zako! Bila sukari hawainywi. Umewafanyia karamu hao bakteria!"

Tukachuma majani mabichi nyuma ya zizi, tukayaponda, akayaloweka kwenye spiriti. Safari hii alirudi na picha ya kisahani cha maabara: bakteria wametanda kote, ila palipodondoshewa lengana pamebaki duara safi.

"Leo wameonja uchungu wenyewe," nikamwambia.