Mguu Ambao Baba Hakuuchonga

Karakana ya marehemu baba yangu ina rafu moja ndefu, na juu yake umesimama ukoo wetu wote, jozi kwa jozi, kuanzia vifundoni kwenda chini. Ni kalibu za viatu, zile za mti ambazo fundi huzungushia ngozi. Sisi nyumbani tunaziita miguu. Mtu wa kwetu akimaliza kukua anachongewa yake. Akifa, miguu inabaki.

Mimi sikuchongewa. Nina miaka hamsini na minane. Mdogo wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Kimya kwa sababu hata akijigonga kidole huiomba radhi nyundo, alichongewa akiwa na kumi na minane. Alipovunjika kidole gumba cha mguu, akachongewa tena. Jozi mbili! Mtu mmoja!

Mimi nilipofikisha umri huo Baba alinivua viatu, akanipima, akaguna. "Mguu wako bado unakua. Subiri." Nikasubiri. Nilipofika ishirini na tano, bado unakua. Siku niliyotoka rumande baada ya mgomo, na ndevu zangu kifuani, nikamwuliza tena. "Bado," akasema, macho yake kwenye soli. Viatu alinishonea kila mwaka, sikatai, lakini nilijua ni kwa kukadiria tu, kama anavyoshonewa mpita njia. Kimya alishonewa juu ya mguu wake mwenyewe. Wivu nimeutafuna miaka arobaini kama nta ya uzi. Hauishi, haumezeki.

Baba tulimzika mwezi uliopita. Jumatatu asubuhi nikaingia karakana, ambayo sasa ni ya Kimya, bila hodi.

"Karibu, Kaka. Kaa."

"Sikuja kukaa. Nimekuja kudai haki yangu."

"Ya nini tena?"

"Nataka mguu wangu usimame pale. Usiponichongea, naishusha rafu nzima naondoka nayo. Wewe utabaki na misumari ya ukutani."

"Utabeba na wa Babu Nyapara?"

"Huo nitauchemshia chai."

Akacheka, mjinga yule. Miguu anayo yeye, lakini habari zake ninazo mimi. Mwulize jozi ya mwanzo ni ya nani, atakwambia ni ya babu mzaa babu, basi. Hajui kwamba mzee huyo aliwashonea makarani viatu miaka thelathini huku yeye akitembea pekupeku, akisema ngozi ya mtu wa kazi haitaki ngozi nyingine. Anayefuata ni Nyapara, mwanawe, baba wa baba yetu: mguu mwembamba, kidole cha pili kirefu kama kinamtaja mtu. Na pembeni yake Bibi, mguu mpana, kisigino kimekwenda upande.

Bibi alifanya kazi kiwanda cha ngozi, yeye na wenzake wakisimama ndani ya maji ya chokaa bila buti, hadi nyayo zikabanduka. Siku moja wanawake wakaweka zana chini wakatoka. Nyapara, mume wake wa ndoa na msimamizi wa kiwanda hicho hicho, ndiye aliyeagizwa kuandika waliotoka. Akaandika kumi na saba. Mkewe akamruka. Jioni Bibi aliikuta karatasi mezani, akachukua kalamu ya mumewe, akajiandika wa kumi na nane. Wakafukuzwa wote.

Habari hiyo nimeihubiri kwenye kila geti la kiwanda. "Mimi ni mjukuu wa wa kumi na nane!" Umati unaitikia. Na nikimwona mtoto wa nyapara yeyote kasimama pembeni, namrushia hapo hapo: "Mtoto wa nyoka ni nyoka!" Watu wanacheka mpaka wanashika mbavu.

"Vua," Kimya akasema. Akapiga goti, akashika mguu wangu. Mikono yake ni ya Baba kabisa, na hilo nalo likanichoma. "Sichongi kwa kubahatisha. Naanza na mguu unaokaribiana na wako, palipopungua naongeza kipande cha ngozi, palipozidi napunguza, ndipo nachonga gogo."

"Anza na wa Bibi."

Akauleta. Mguu wangu ulionekana kando yake kama mgeni aliyekosea nyumba.

"Wangu ndio uliotoka kwenye huu," akasema polepole, kama anayeungama. "Hata kisigino."

"Wewe? Wewe ambaye hujawahi kumwambia hapana hata kinyozi?"

"Mguu hausikilizi maneno, Kaka."

Mkono wake ukapita juu ya rafu, ukafika kwa Nyapara, ukasita. Nikauona ulivyosita.

"Ulete huo."

"Tuuache, Kaka."

"Ulete, nikuoneshe tusivyofanana!"

Akauleta. Akauweka sakafuni, ubavuni mwa mguu wangu. Upana ni ule ule. Tao la unyayo ni lile lile. Kidole cha pili, kirefu, kinanitaja mimi.

Nikaurudisha mguu wangu nyuma.

"Baba alijua tangu siku ile alipokupima," Kimya akasema. "Alisema, 'Huyu nikimwambia, ataukata mguu.' Viatu vyako vyote vimeshonwa juu ya huu wa Nyapara. Vya maandamano, vya mahakamani, vyote."

"Havikuwahi kunibana," nikasema.

"Vitabanaje?"

Alikuwa na haki ya kunicheka. Alikuwa na haki ya kunirudishia nyoka wangu na watoto wake. Hakusema kitu, na kwa kutosema huko nikamwonea wivu kuliko siku zote, kwa sababu hivyo ndivyo Bibi angefanya; hata kalamu ile aliishika bila maneno.

Akachukua gogo jipya, akalipima kwa mguu wa Nyapara. "Nitakuchongea wako, usimame peke yake. Ila utafanana."

"Punguza kidogo."

"Wapi? Hapajazidi popote."

"Popote. Hapo kwenye kidole."

"Kaka, nikibadilisha mguu, kila kiatu nitakachokushonea kitakubana."

"Kinibane," nikasema, nikaketi.