Kichwa Kilichosukwa Nusu

Msusi alikuwa amefika katikati ya kichwa cha Bibi chanuo lilipogusa kidonda. Bibi alishtuka, akauma midomo. Nyuma ya sikio nywele zilikuwa zimenyofolewa, ngozi imevimba. Mikononi, alama za kamba.

"Nilianguka," Bibi akawahi kusema.

"Bibi, kuanguka hakumfungi mtu kamba."

Bibi alikuwa amepooza miguu. Alikaa kwa mdogo wake, mwenye nyumba ambaye Msusi naye alikuwa mpangaji wake, chumba cha uani. Wapangaji wote walimsifu mdogo huyo: amemwekea dada yake redio kubwa, inalia mchana kutwa asijione mpweke. Kumbe redio ilikuwa ya kuzima kilio. Na Msusi alikuwa akifua nguo huku akiziitikia nyimbo zile!

"Akitoka ananifunga," Bibi akanong'ona. "Nikilia ananivuta nywele. Usiseme, mwanangu. Utafukuzwa, na mimi nitakwenda wapi?"

Msusi aliogopa, tena sana. Kutafuta chumba na watoto mkononi si mchezo. Lakini mficha maradhi, kilio humuumbua.

"Nikikupeleka ustawi wa jamii, utasema mwenyewe?"

Bibi akazitazama alama za mikononi. "Nitasema. Nitafutie nguo safi."

Kumtoa ndiyo ilikuwa kazi, maana mke wa mwenye nyumba alikuwa amekaa mlangoni.

"Mama, uzi umeniishia. Naenda naye kwenye kibanda changu cha ususi nimalizie."

Mama yule akakitazama kichwa: upande umesukwa, upande umesimama timtim. Jioni alikuwa na wageni.

"Haya, fanya upesi. Watu wasije wakasema simtunzi."

Msusi akasukuma kiti cha magurudumu, akakipita kibanda chake bila kugeuka, hadi ofisi ya ustawi wa jamii.

Msusi akaeleza yote, lakini afisa hakuinua macho kutoka kwenye simu yake. "Hayo ni mambo ya kifamilia. Leteni barua ya mwenyekiti wa mtaa."

"Mwenyekiti ni shemeji yake huyo huyo anayemfunga."

"Basi njoo wiki ijayo."

"Wiki ijayo nitakuja na maiti?"

Afisa akarudi kwenye simu yake. Liwalo na liwe. Msusi akakiegesha kiti katikati ya mlango, akachomoa chanuo, akaendelea kusuka. Taratibu, kama hana haraka ya kwenda popote. Foleni ikasimama. Kila alipogawa nywele, kidonda kilionekana.

"Jamani, huyu mama kafanywa nini?" mwanamke mmoja wa foleni akauliza.

"We dada, hapa si saluni," afisa akafoka. "Watu wanataka kupita."

"Na wapite. Wakipita wataona."

Watu hawakupita. Walisogea karibu. Afisa akaiweka simu chini.

Bibi akamwinulia afisa uso. Sauti yake ilikwaruza, lakini haikutetemeka. "Mwanangu, chukua kalamu uandike. Anayenifunga ni mdogo wangu wa tumbo moja. Jina lake nitakutajia. Nilimpa mimi."

Afisa akapapasa mezani, akafungua droo, akaifunga. Hakuwa na kalamu. Ilibidi aazime kwa mtu wa foleni.