Upande wa Ukutani

Alhamisi, tarehe 19 Oktoba 1961. Mvua ilinyesha kabla ya misa ya asubuhi, ikakatika ghafla, na ziwa likabaki la kijivu bila wimbi hata moja, kama bati lililolazwa chini. Upepo haukuwapo. Moshi wa majiko ya kambi ya reli ulisimama juu ya mapaa, haujui uende wapi.

Domitille alitoka kanisani na rozari yake bado mkononi. Jumamosi alitakiwa kuiacha nyumba ya reli. Hakuna aliyemfanyia ubaya. Nyumba ilikuwa ya makanika, yaani dereva wa treni, na makanika wake, Léon, mumewe, aliondoka mwezi wa pili na treni ya Kabalo, kisha vita vikaikata njia nyuma yake. Tangu hapo hakuna barua, hakuna salamu, hakuna mtu aliyesema nimemwona. Sasa nyumba amepewa makanika mwingine mwenye watoto, na kitanda ni mali ya nyumba, hakihami. Domitille alipata chumba uani kwa Mama Emérance, na ndani yake hamkuwa na kitu isipokuwa msumari wa kutundikia nguo.

"Nunua mukeka," Mama Emérance alimwambia. "Mudogo tu. Wa muntu mumoja unatosha."

Mtu mmoja: neno hilo alilijua. Tangu mwezi wa pili watu walikuwa wakimzunguka nalo. Adalbert, aliyefanya kazi na Léon, alikuja Jumapili, akazungusha kofia mikononi, akasema, "Mama Domitille, pengine tufanye matanga, tupumzike." Alisema tupumzike kana kwamba ni yeye anayeamka usiku kusikiliza mlango.

Domitille hakufanya matanga. Hakusema mumewe amekufa, hakusema yu hai. Aliomba tu, na maombi yake yalikuwa yamefupika mpaka yakabaki maneno mawili: Bwana, niambie.

Alianza kutafuta mkeka barabara ya ziwani, mbele ya hoteli, mahali ambapo zamani wageni wa meli walinunua tembo waliochongwa kwa pembe na vinyago. Wageni walikuwa wamekwisha kwenda zao. Muuzaji mmoja alibaki, amesinzia nyuma ya mikeka midogo iliyoandikwa jina la mji kwa rangi nyekundu.

"Hii si ya kulalia, mama," alisema bila kuinuka. "Hii njo ya kutundika ukutani, watu waseme umesafiri. Ya kulalia, uende Kwa Mafundi."

Miaka yote aliyokaa katika mji huu wa Albertville, Domitille alijua njia tatu: ya kanisa, ya soko, ya kurudi kambini. Kwa Mafundi alipajua kwa mdomo wa Léon tu. Siku za mapumziko Léon alikwenda huko kutazama watu wakifanya kazi, akarudi na harufu ya vanishi, akisema, "Siku moja twende wote, uone." Naye alijibu kila mara, "Nina nguo za kufua."

Alivuka reli, akapita kijidaraja cha mbao, akapanda njia ya udongo mwekundu iliyoteleza kwa mvua. Sauti zilimfikia kabla ya mtaa wenyewe. Wahunzi walikuwa wakigonga mapipa ya mafuta, wakiyageuza masufuria, kila mmoja na mdundo wake. Mbele kidogo mchoraji alikuwa juu ya ngazi akipaka simba kwenye ukuta wa baa, na simba huyo alikuwa na macho ya mtu anayedaiwa. Mzee mwingine, fundi wa magitaa, alinyoosha waya wa breki ya baiskeli juu ya ubao, akaukwaruza kwa kidole, akatega sikio, akatikisa kichwa, akaukaza tena. Kwenye kamba za nguo hazikuning'inia nguo bali ukindu uliotiwa rangi, zambarau na kijani, bado unachuruzika.

"Karibu, mama!" walimwita kutoka pande zote. "Habari ya asubuhi? Pita, pita, usiogope matope!"

Domitille aliitikia, na katikati ya kuitikia akatambua jambo. Hakuna aliyepunguza sauti alipopita. Hapa hakuna aliyejua. Alipumua kidogo. Kisha upweke ukamrudia mkubwa kuliko wa kambini, kwa kuwa kila alichokiona alitaka kumwambia mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa amekiona kabla yake, peke yake.

Ua wa mikeka ulikuwa wa Bibi Zabibu, mwanamke wa watu wa ziwani ambaye babu zake walifanya biashara na Ujiji. Alikaa chini, miguu ameinyoosha, akishona kili, zile suka ndefu za ukindu, moja kwa nyingine. Pembeni yake jirani yake Hidaya alikuwa akisuka bila kutazama vidole.

Hidaya aliona kitambaa cha kichwa cha wake wa kambi, akacheka. "Ee! Watu wa reli wameijua njia ya huku? Treni yenu imepotea, ao namna gani?"

Domitille aliishika rozari kwa nguvu.

"Muache, Hidaya," Zabibu alisema. "Mulomo wako unatangulia kila mahali. Unataka nini, mama?"

"Mukeka. Wa muntu mumoja."

"Mimi sipimi kwa macho. Wanene wanasema wembamba, warefu wanasema wafupi. Lala hapo nikuone."

Katikati ya ua palikuwa na mkeka mkuukuu, mpana, uliowekwa kwa kazi hiyo. Domitille aliona haya, lakini akavua viatu, akalala. Zabibu alikuja na kamba yake ya kupimia, akainama, akasimama hivyo hivyo, ameinama.

Domitille alikuwa amelala ukingoni kabisa. Bega lake liligusa mwisho wa mkeka, mikono ameikunja kifuani, na upande wa pili ulikuwa wazi wote.

"Sogea katikati, mama," Hidaya alisema, akicheka bado. "Mukeka hauna mwiba."

Domitille alitaka kusogea. Mwili ulikataa. Kwa miaka kumi na moja alilala upande wa ukutani, na upande wa mlangoni ulikuwa wa Léon, kwa sababu alitoka alfajiri kwenda kwenye treni na hakutaka kumruka mkewe. Hata sasa kitandani alilala vile vile. Hakuwahi kujiona akifanya hivyo, hadi alipoona nyuso za watu juu yake.

"Nipime wapi?" Zabibu aliuliza, taratibu sana.

Domitille alifunika macho kwa mkono. "Treni iliyopotea njo ile ya Kabalo," alisema. "Bwana yangu alikuwa ndani."

Hidaya aliacha kusuka. "Yoo, dada yangu. Nisamehe. Sikujua."

Domitille aliketi, akajifuta kwa kitambaa. "Nikinunua mupana, nitalala nikitazama mahali pake. Nikinunua mudogo, nimemuzika. Mimi siwezi kumuzika kwa mukeka."

Zabibu alifikiri, akizungusha kamba kidoleni. "Naweza kushona mwembamba, upande mumoja nisiupige pindo. Ukingo unabaki wazi, kili nyingine zinashonewa hapo siku yoyote. Lakini mukeka usio na pindo ukitoka hapa, watu watasema Zabibu amezeeka, hamalizi kazi. Jina langu ndilo chakula changu. Kwa hiyo mwenyewe utasema kwa sauti, mbele ya majirani, kwa nini uko hivyo. Na kili za kuongeza utasuka wewe."

"Sijui kusuka."

"Hidaya atakufundisha. Ana deni la mulomo."

"Nakubali," Hidaya alisema, kichwa chini.

Walimwita fundi wa magitaa, Papa Husseini, aje. Mchoraji alishuka ngazini, brashi mkononi. Walisimama uani, na gari moja lilisikika likifunga breki mbali, huko barabara ya ziwani.

Domitille alisimama bila viatu. Kwanza alifanya ishara ya msalaba. Sauti yake ilikuwa ndogo, Papa Husseini akalazimika kuinamisha sikio kama alivyoliinamishia gitaa, lakini hapana neno lililopotea.

"Mimi Domitille, muke wa Léon, nasema mbele ya Mungu na mbele yenu. Kazi hii Mama Zabibu hakuiacha njiani. Ni mimi niliyemuomba. Kila Alhamisi nitakuja hapa kusuka kili za kuongeza. Nitalala upande wa ukutani, na ukingo ule mwingine sitaupiga pindo mpaka Léon aingie mulangoni, ao mpaka muntu anipeleke pale alipolala, nipaone kwa macho yangu."