Mgeni wa Jumapili Aliyekataa Kuhesabiwa

Wateja walimwita Fundi Kesho, na jina hilo alilistahili. Ukimpelekea saa leo, atakwambia njoo kesho. Ukirudi kesho, utaikuta imelala mezani katikati ya saa nyingine mbili, naye atainua kidole hata kabla hujafungua mdomo: "Bado napima." Hakuiamini saa iliyo peke yake. Aliyoitengeneza lazima ikae na wenzake wiki nzima, zitazamane mpaka ijulikane ipi ni mwongo.

Basi binti yake, karani wa shule, alipomletea habari kwamba kuna vyombo vya kuhesabu watu wanaofungua ukurasa wake wa mtandaoni, fundi hakufikiri mara mbili.

"Weka vitatu."

"Baba, kimoja kinatosha!"

"Kimoja kitanidanganya nisijue. Weka vitatu, mama."

Ukurasa huo binti ndiye aliyemtengenezea, miaka miwili nyuma. Fundi alikuwa na makala thelathini na tisa humo: jinsi ya kusafisha meno ya gurudumu, mafuta gani yanagandisha saa, kwa nini kioo kinaingia mvuke. Tuseme ukweli, thelathini na nane kati ya hizo zilikuwa geresha. Moja tu ndiyo aliyoiandika kwa moyo, ile ya saa ya ukutani ya marehemu baba yake, na aliiandika kwa ajili ya msomaji mmoja, dada yake mkubwa.

Miaka sita iliyopita, siku chache baada ya mazishi, fundi aliitia ufunguo saa ile mbele ya dada yake. Majonzi yalikuwa yamemjaa, mkono ukazidi, springi ikakatika kwa kishindo. Dada alimtazama, akasema, "Hata hii imekushinda kuitunza." Akafunga mizigo, akahamia mji mwingine. Simu hapokei, ujumbe hajibu. Yule mama akinuna, amenuna kweli. Binti alishamtumia shangazi yake anwani ya ukurasa, asipate hata neno moja. Mwisho wa makala ile fundi aliandika, "Dada, nisamehe." Sasa alitaka kujua jambo moja tu: je, ameisoma?

Vyombo vikawekwa. Baada ya wiki binti alimsomea majibu kutoka kwenye simu, na fundi akayaandika kwenye karatasi aliyoibandika juu ya meza ya kazi. Cha kwanza kilisema wageni mia mbili na kumi na wawili. Cha pili, kumi na tisa. Cha tatu, hamsini na saba.

Mwenzangu, mtu mwingine angekasirika. Fundi alifurahi kama amepewa zawadi. Vitatu, na hakuna vinavyopatana! Alivuta kiti, akawasha taa ya mezani mchana kweupe, akaanza kuvipima. Aliufungua ukurasa wake mara tano mfululizo kwa simu moja. Cha kwanza kikaongeza watu watano. Akakipa jina palepale, Domo Kaya.

"Tena kinahesabu hata mashine," binti alieleza. "Kuna kompyuta kazi yao ni kupita kwenye kurasa za watu kuzisoma, zijue kuna nini."

"Yaani nimekuwa nikiwaandikia makompyuta mambo ya mafuta?"

"Nayo yanasoma, baba. Usiyadharau."

Cha pili kilikuwa na adabu. Kilimwomba ruhusa kila mgeni kwa kisanduku chini ya ukurasa, akubali kuhesabiwa au akatae. Anayekubali huhesabiwa mara moja hata akirudi mara kumi. Anayekataa hahesabiwi kabisa. Fundi akakiita Bi Hodi. Cha tatu hakikuuliza mtu. Kilikuwa daftari la mlangoni tu, kikiandika kila aliyefungua: siku, saa, ukurasa gani, mji gani, na kama alibonyeza kukubali au kukataa. Mashine kilizitambua, kikaziweka kando. Huyo akawa Bawabu.

Siku tatu nzima wateja waliambiwa kesho bila hata kutazamwa usoni. Fundi alilinganisha safu kwa safu, Bi Hodi huku, Bawabu kule. Hakuwa tena na shida na waliohesabiwa. Waliomnyima usingizi ni wale ambao Bawabu amewaona na Bi Hodi hakuwaona. Hao ndio waliomkatalia. Wengi wao walikuja mara moja wakaondoka. Mmoja alikuwa akirudi.

"Binti! Njoo uone!"

Alikimbia, akidhani baba yake ameanguka. Fundi alikuwa ameweka kidole kwenye karatasi.

"Vuta daftari la Bawabu nyuma kadiri linavyofika."

Lilifika miezi minne, maana kompyuta inayohifadhi ukurasa ilikuwa ikiandika siku zote bila wao kujua. Kila Jumapili, saa moja asubuhi, mtu mmoja alifungua makala ya saa ya ukutani. Hiyo tu. Na tangu kisanduku cha Bi Hodi kiwekwe, amekikataa. Mji ni ule alikohamia dada.

"Baba, polepole. Mji huo ni wa kukisia. Hata simu ya mtu aliye mbali na mji huo inaweza kuandikwa hapo."

"Jumapili saa moja ndiyo saa baba alikuwa anatia ufunguo. Na nani mwingine unayemjua anayekataa kila anachoulizwa? Harusi yangu alikataa kupigwa picha! Kitabu cha wageni alikataa kusaini!"

Binti akacheka, kisha akaona macho ya baba yake, akaacha.

Furaha hiyo haikudumu hata nusu saa. Kama ni yeye, basi ameisoma "nisamehe" kila Jumapili kwa miezi minne na bado amekaa kimya. Fundi alihisi uchungu kuliko zamani. Afadhali angekuwa hajasoma.

Alikaa akiitazama saa ile ukutani. Springi alishabadilisha siku nyingi, na kila Jumapili aliizungusha mara kumi na mbili, kwa uangalifu; hayo yote aliyaeleza kwenye makala. Lakini kulikuwa na aibu ambayo hakuwahi kumwambia mtu: kila Jumamosi ilisimama. Fundi wa miaka thelathini, na saa ya baba yake inamshinda! Alipiga moyo konde, akamwambia binti aongeze sentensi moja chini ya makala: "Saa hii inasimama kila Jumamosi, nami sijui kwa nini."

Jumapili iliyofuata walikuwa mezani mapema. Saa moja na dakika mbili, Bawabu akaandika mgeni. Amekataa. Robo saa ikapita, nusu ikapita. Kisha simu ya binti ikalia mlio wa barua pepe, naye akasoma kwa sauti:

"Kumi na mbili hazitoshi. Baba alikuwa anazungusha kumi na nne, nilikuwa nasimama pembeni nikimhesabia. Unaiogopa, ndiyo maana inasimama. Springi uliyoweka ni mpya, haitakatika. Kaza. Halafu kitoe hicho kidude kinachouliza kama nakubali kuhesabiwa. Nimechoka kukikatalia."

Fundi alipanda kigoda, akaingiza ufunguo. Binti alihesabu. Kwenye kumi na mbili mkono wa baba yake ukasimama wenyewe, kwa mazoea. Machozi yalikuwa yanamtiririka, wala hakuyafuta.

"Kaza, baba," binti alisema taratibu. "Kumi na tatu."

Springi ikalia kidogo, ikashika.

"Kumi na nne."

Alishuka, akajipangusa uso kwa kitambaa cha mafuta, akauacha mweusi.

"Vile vyombo, vitoe vyote vitatu."

"Sawa. Nitavitoa kesho nikitulia."

"Leo, mama," alisema Fundi Kesho. "Leo hii."