Bata Mzinga wa Rangi ya Majivu

Skolastika alishuka kwenye boti pale Ujiji akiwa na vitu viwili: sufuria, na kapu lililofungwa kwa kitenge. Sufuria ilikuwa tupu. Ndani ya kapu mlikuwa na bata mzinga jike, amekasirika.

Ulikuwa mwaka wa vita vya ng'ambo, watu wakivuka ziwa kila siku kutoka Uvira, Baraka na vijiji vya Fizi. Wengi walipelekwa kambini. Aliyekuwa na mtu wake mjini alijaribu kubaki mjini, na Skolastika alinitaja mimi. Bibi yangu mzaa mama alitoka Baraka, na mama yake Skolastika alikuwa akimtumia bibi samaki wakavu kila mara mtu wa huko alipovuka kuja huku. Ndio undugu wote tuliokuwa nao. Hapa Ujiji watu wameoana kwa undugu mwembamba kuliko huo.

"Yaya Mwanne," aliniambia, maana kwao yaya ni dada mkubwa, "unipe pembe moja ya ua. Mimi naweza kulala popote. Pembe ni ya huyu."

Akafungua kitenge. Mimi nimefuga kuku tangu sijaolewa, na bata mzinga nilikuwa nimewaona, lakini weusi au wa rangi ya shaba iliyoungua. Huyu alikuwa wa majivu. Majivu yale safi ya asubuhi, kabla hujayazoa, na juu yake vidoa vyeusi vichache kama mtu amenyunyiza pilipili manga. Alinitazama kwa jicho moja, akaninyea miguuni.

"Amekupenda," Skolastika akasema.

Mama yake ndiye aliyeanzisha rangi ile kijijini kwao. Kila walipotoka vifaranga, weusi walikuzwa kwa ajili ya harusi na Krismasi, wa majivu wakabakizwa kuzaa. Miaka mingi akafanya hivyo bila kuchoka, mpaka ikawa mtu akiona bata mzinga wa majivu barabarani anajua ni wa nyumba ile. Vita vilipofika, kila mtu alibeba alichoweza. Skolastika akambeba huyu.

"Akifa huyu," aliniambia akimkatia majani ya vitunguu, "hata mama nikimwona tena nitamwambia nini?"

Kwa hiyo alihitaji dume. Na dume mtaani petu alikuwa mmoja tu, wa kaka Haruna.

Haruna ni mtoto wa baba yangu mkubwa, anakamua mawese, na ua wake umepakana na wangu. Dume lake lilikuwa jeusi, kubwa, tumbo linakaribia kuburuzika chini, na jina lake Liwali. Liwali alikuwa na tabia moja: mtu akicheka, naye anajibu. Ukicheka kidogo anajibu kidogo. Ukicheka sana anatandaza mkia, uso unageuka kutoka bluu kuwa mwekundu, na mtaa mzima unajua kwamba kwa Haruna kuna jambo.

Haruna hakukataa. Ila alikumbusha desturi, na desturi yetu ya mtaani ni hii: jike akipelekwa kwa dume la mtu, vifaranga hugawanywa kwa rangi. Aliyefanana na baba ni wa mwenye dume. Aliyefanana na mama ni wa mwenye jike.

"Na jike asipandwe na dume lingine," Haruna akasema. "Akipandwa kwingine, umenidharau, na vifaranga wote wangu."

"Njo vile," Skolastika akasema. Ndiyo hivyo. Alifurahi, maana desturi ile ilimpa hasa alichokitaka. Weusi hakuwa na haja nao.

Basi kila asubuhi alimbeba jike wake ndani ya kapu mpaka kwa Haruna, na jioni akamrudisha. Jike akaanza kutaga nyuma ya kuni zangu, mayai makubwa yenye madoa ya kahawia. Lakini hakutulia juu yake. Anaatamia kidogo, anaruka, anazunguka ua kama anatafuta boti ya kumrudisha. Nikachukua yale mayai nikamwekea kuku wangu mwekundu, ambaye ukimwekea hata mawe atayaatamia. Wiki nne zikapita.

Walipotoka, niliwatoa mmoja mmoja chini ya kuku nikawapanga kwenye ungo. Weusi wanne. Wa majivu watatu. Skolastika alipowaona hao watatu alikaa chini kwenye vumbi, akafunika mdomo kwa mikono miwili.

Kisha nikatoa wawili wa njano.

Njano tupu, kama kiini cha yai. Nilidhani mayai ya kuku yalichanganyika, lakini yai la kuku lingetoka wiki nzima kabla. Nikawashika, nikawatazama midomo. Juu ya mdomo kila mmoja alikuwa na kile kinundu kidogo ambacho kwa bata mzinga baadaye huning'inia. Walikuwa bata mzinga. Nilijua pia bata mzinga wa njano akikua anakuwa wa rangi gani.

Haruna alikuja kuchagua wake, kofia kichwani, mikono nyuma. Akaangalia ungo muda mrefu.

"Hawa weupe ni wa nani?"

"Wametoka humo humo," nikasema.

"Mwanne, nakuuliza. Baba mweusi. Mama jivu. Hawa weupe baba yao nani?"

Jibu alikuwa nalo mwenyewe. Bangwe kulikuwa na mtu anaitwa Castory, na Castory alikuwa na dume jeupe, la pekee Kigoma yote tuliyoijua. Na Skolastika alikuwa ameonekana njia ya Bangwe, na kapu.

"Nilienda kuulizia habari za nyumbani," Skolastika akasema. "Kuna boti zinashukia kule. Kapu lilikuwa na mihogo."

"Mihogo hiyo ilikuwa na manyoya?"

"Baba, naapa mbele ya Mungu."

"Usiape, binti. Vifaranga wenyewe wameshasema." Hakusema kwa ukali. Ingekuwa afadhali angefoka. "Mimi nilikufungulia mlango. Desturi unaijua. Wote wangu."

"Na hawa wa majivu?"

"Wote."

Skolastika aliuvuta ungo kwake, akaukumbatia. Hakulia. Alinitazama mimi.

Nami sikusema Haruna ni mwongo, wala sikusema Skolastika ni mkweli. Sikujua. Mtu anaweza kuwa mgeni, maskini, mwenye adabu, na bado akamtaka dume jeupe. Lakini kitu kimoja kilinikaa kichwani.

"Kaka Haruna," nikasema, "Lulu hajambo?"

Lulu ni binti yake wa mwisho.

"Hajambo. Lulu ameingiaje hapa?"

"Lulu ana nywele za singa, zinafika mgongoni. Wewe kichwa chako kipilipili, na wifi Hadija kipilipili. Alipozaliwa, nani alikuuliza habari za Bangwe?"

Upande wa pili wa ua tukasikia kicheko. Alikuwa Hadija mwenyewe, mke wa Haruna, anafua nguo na masikio yako kwetu. "Jibu basi, Baba Lulu!" akasema, akacheka tena mpaka beseni likapinduka, na Liwali akamjibu kwa nguvu zake zote.

"Zile ni nywele za bibi yangu!" Haruna akapaza sauti juu ya kelele za dume lake. "Kila mtu Ujiji anamjua bibi yangu!"

"Na bibi yake Liwali nani anamjua?"

Aliivuta kofia yake mpaka kwenye nyusi. Liwali alimpata akiwa yai, kutoka kwa mama mmoja wa Ilagala anayeitwa Veneranda, aliyembadilishia kwa chupa ya mawese.

"Maneno tu hayo," akasema mwishowe. "Nywele ni nywele, ndege ni ndege."

"Basi tusitumie maneno," nikasema. "Mchukue jike. Mfungie kwako, asitoke. Wewe umlishe, wewe uokote mayai, kuku wako aatamie. Wakitoka weusi na wa majivu peke yao, Skolastika alikwenda Bangwe, na hawa wote uchukue. Akitoka hata mmoja wa njano, dume ni lako na kosa ni lake."

Haruna akafikiri. Ni mtu wa haki, ila haki yake hutembea polepole. "Na hawa wakae kwako mpaka siku hiyo," akasema. Akamgeukia Skolastika. "Unakubali, binti?"

 Kumkabidhi jike kwa mtu anayekuita mwongo si jambo dogo. Skolastika akaingia pembe ya ua, akamtia kapuni, akafunga kitenge, akampa.

"Anapenda majani ya vitunguu," akasema. "Uyakate madogo."

Haruna alilinda kama polisi wa mpakani. Alizungushia banda matete mapya, akaziba matundu kwa nyavu mbovu za dagaa. Hakuruhusu mtu kusogea. Hadija aliniambia kwamba mumewe amekatazwa kazi na bata: mawese yanaungua jikoni, yeye amechuchumaa anakata majani ya vitunguu. "Mimi nilipojifungua Lulu," akasema, "hakunikatia hata kitunguu chenyewe."

Upande wetu Skolastika hakuwa na raha. Vifaranga aliwalisha yai la kuchemsha lililosagwa, akawakinga mvua kwa kitenge kile kile, lakini wa majivu hakuwashika. Nilimuuliza kwa nini.

"Nisiwazoee," akasema. "Wakichukuliwa."

Wale wa njano, ambao sasa walikuwa wanaota manyoya meupe, aliwatazama kama mtu anayetazama jamaa waliokuja bila kualikwa wakavunja sahani.

Asubuhi moja, nachambua dagaa, Haruna akaingia bila kubisha hodi. Kichwa kilikuwa wazi, na Haruna hatoki nje bila kofia. Kofia aliishika mkononi, kwa chini, kama bakuli. Akaenda moja kwa moja kwa Skolastika, akachuchumaa mbele yake, akaiweka kwenye mapaja yake.

Ndani mlikuwa na kifaranga wa njano, bado ana unyevu.

"Nimemwona akitoboa yai," Haruna akasema. "Kwa macho yangu haya."

Skolastika akamkinga kifaranga kwa viganja.

"Binti, nilikuita mwongo. Hukuwa mwongo."

"Kweli kabisa?"

"Kuna na wa majivu wengine wawili kule. Wako." Akakohoa. "Jana nilikwenda Ilagala. Sikuwaambia. Nilimuuliza Veneranda. Anasema bibi yake Liwali alikuwa mweupe kama unga wa muhogo."

"Hata kwetu," Skolastika akasema polepole, akimpapasa kifaranga kwa kidole, "walikuwa wanatoka mara moja moja. Mama alikuwa anasema ni wagonjwa."

"Mbona hukusema?" nikamuuliza.

"Yaya, siku ile ningesema, mngeniamini?"

Haruna akatazama kofia yake. Nami nikatazama dagaa.

Ikabaki shida moja. Weusi wa Haruna, wa majivu wa Skolastika, na hawa weupe, ambao hawakufanana na baba wala mama, wa nani? Desturi haikuwa na neno juu yao. Haruna alisema wachukue Skolastika, ndiyo samahani yake. Skolastika akakataa, mama yake hakulea weupe. Wakasukumiana mpaka Hadija akaingilia juu ya ua.

"Hao walimfuata nani? Walimfuata kuku! Wapeni mwenye kuku, na huyu wa kwetu awafuate ndugu zake!"

Ndivyo nilivyopewa bata mzinga weupe watatu bila kuomba. Mwenye kuwafuga weupe hapa ziwani anajua taabu yake. Mwewe huwaona akiwa bado juu ya vilima vya Kigoma. Mweusi hujificha kivulini, wa majivu hata akisimama kwenye mawe humwoni, lakini wangu waling'aa kama mashuka yaliyoanikwa. Na mara wakaingiwa na utitiri. Dawa ya utitiri ni majivu, kwa hiyo nikachota jikoni nikawapaka mmoja mmoja, mabawani, shingoni, mpaka miguuni, nikawaachia.

Wakati huo wa majivu wa Skolastika walikuwa wameshakua, na mmoja wao alikuwa dume lenye kifua, anajifunza kutandaza mkia na kuanguka.

Haruna akapita kwenye ua. Akasimama. Akatazama kundi lote, akahesabu kwa kidole, akahesabu tena.

"Skolastika! Hawa wa majivu mbona wameongezeka?"

Skolastika alinitazama, akatazama mikono yangu iliyojaa majivu mpaka viwiko.

"Baba Haruna," akasema, "usiseme neno. Subiri mvua."

Na akacheka, kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye boti, kicheko kikubwa cha mtu mwenye mapafu mazima. Liwali akamjibu kutoka ng'ambo ya ua. Na katikati ya ua wetu lile dume dogo la majivu likanyoosha shingo, likajaribu kujibu nalo, sauti ikakatika nusu.